Vitambaa vya Kompyuta

Heri mlisikie kwangu: Jumamosi iliyopita, mimi ndiye niliyewanyima watu wa mtaa wetu wa Tena mkate.

Naendesha kompyuta katika kiwanda cha mkate. Ni moja tu, kubwa kama chumba, lakini ndani yake hujigawa ikajifanya mashine mbili. Moja inatumia mfumo wa zamani, unaochapa orodha za maduka ya kupelekewa mkate. Nyingine inatumia mfumo mpya tunaoujaribu. Skrini zake mbili zinafanana kabisa.

Ukiandika amri fupi, mashine inakuambia yenyewe inatumia mfumo gani. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni amri hiyo. Mwenyewe niliona uvivu kuiandika. Mke wangu, ambaye nyumbani amefunika hata redio kwa kitambaa cha kufuma, alinifumia viwili vya kuweka juu ya skrini: chekundu kwa mfumo wa zamani, cheupe kwa mpya. Nikawa natazama kitambaa tu.

Alhamisi mama wa usafi alivifua, akavirudisha kila kimoja mahali pa mwenzake. Ijumaa niliagizwa nizime mfumo wa majaribio. Nikazima penye cheupe, nikaenda nyumbani.

Asubuhi dukani hakukuwa na mkate, nami nikalalamika kuliko wote. "Hawa watu wa kiwanda ni wazembe!"

Ndipo dereva wetu alipofika na gari tupu. "Baba Wanjiru, meneja anakutafuta. Ameshika vitambaa viwili, anauliza ni vya nani."

Mke wangu akajitokeza nyuma yangu, uso umejaa fahari.

"Mwambie ni mimi niliyevifuma."