App Yangu Ilivyompa Alama Mama Konsolata

Nakiri mapema kwamba hili jambo bado linanitia aibu, na nikipita karibu na ukumbi wa kanisa hapa Shanwe huwa naangalia upande mwingine, ila nyie ni watu wangu, acha niwaambie.

Nilikuwa natengeneza app ya simu ya kufanyia mazoezi ya mtihani wa kuongea Kiingereza: inakuuliza swali, unajibu, inakupa alama kati ya tisa. Shida, lafudhi zetu za huku haikuzielewa, mtu anajibu vizuri kabisa inampa mbili, majirani waliokuwa wananisaidia kuijaribu wakaanza kunikwepa, basi nikaandika mstari mmoja tu ndani ya app kwamba asiyefika saba apewe saba (kwa muda, nilijiambia, mpaka niirekebishe). Watu wakarudi. Mstari nikauacha.

Aliyeipenda kuliko wote ni jirani yangu, dada Konsolata, nesi, aliyekuwa anajiandaa na mtihani wenyewe ili apate nafasi ya kusoma nje. Kila akitoka zamu anaongea na simu. Saba. Kesho yake saba. Akafurahi mpaka akamwomba mchungaji nikaionyeshe kwa vijana baada ya ibada, nami nikaenda na tai shingoni.

Nikaunganisha simu na spika, kila anayejaribu anapigiwa makofi, mpaka mama yake Konsolata, aliyekuja kutoka Kasekese kumsalimia mwanawe, akaomba na yeye ajaribu. Huyo mama Kiingereza hajui hata salamu. App ikamuuliza anaishi wapi, yeye akaieleza kwa Kirundi, lugha ya kwao, taratibu, jinsi mbuzi wa jirani walivyomaliza mahindi yake. Spika ikatangaza ukumbi mzima: alama saba, matamshi mazuri sana.

Watu walicheka mpaka mchungaji akainama. Mama naye akacheka, akasema, "Kumbe ni rahisi." Nami nikacheka kidogo, nikidhani yataishia hapo (nilikuwa najidanganya), ila Konsolata hakucheka. Akanifuata pale mbele, akauliza polepole, "Kaka Jofrey, na saba zangu?"

Kipaza sauti nilichoshika kilikuwa hakijazimwa, ukumbi mzima ukamsikia.

"Alama zako za kweli sizijui, dada," nikasema, na jasho likanitoka mpaka tai ikalowa.

Zilibaki wiki mbili mtihani ufike. Nilijua hatanisemesha tena, lakini kesho yake alasiri akapiga hodi, ameshika kiti chake cha plastiki. "Kaa hapo, uniulize wewe mwenyewe." Tukawa tunakaa uani kila akitoka zamu, yeye anajibu, mimi nasahihisha, na mara nyingine yeye ndiye ananisahihisha mimi.

Alihitaji sita na nusu, akapata sita. Itabidi arudie. Aliponipigia kuniambia nikaanza kuomba msamaha, akanikatisha: "Acha, kaka. Hii sita ni yangu."

Mstari ule nimeufuta. Siku hizi mtu akiniuliza kama amefikia alama anazohitaji, na hajafika, namwambia hajafika, hata akininunia wiki nzima.