Nyangumi Aliyevalishwa Kaki

Wanafunzi walimwita Bi Kimya, naye alijua, ila alijifanya hajui. Miaka ishirini na miwili alikuwa mkutubi wa shule ile, na chumba chake cha vitabu kilikuwa kisafi kuliko majiko ya wengi wetu. Vitabu vya hadithi vilichakaa kwa kusomwa. Vile vya maarifa, vya wadudu, vya damu, vya nyangumi, hakuna aliyevigusa. Jamani, jambo hilo lilimuuma!

Ndipo mradi mmoja wa wafadhili ukaleta tableti kumi. Unaielekeza tableti kwenye jalada la kitabu, na kwenye kioo nyangumi anaibuka pale pale mezani, anapiga mkia. Watoto wakapagawa. Kusoma je? Thubutu! Wakishamwona nyangumi, haoo, jalada la pili. Kisha Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba wafadhili hao wanakuja kukagua. Wakiridhika, maktaba inabaki na Bi Kimya anabaki. Wasiporidhika, chumba kinageuzwa ukumbi wa wageni, na mkutubi aende zake nyumbani.

"Wageni wasikute vitabu vichafu," Mwalimu Mkuu akaagiza. "Vyote vivalishwe kaki!"

Shuleni pale hakuna jambo kubwa lililofanyika bila karatasi za kaki. Bi Kimya akakata, akakunja, akabandika, siku tatu, vitabu mia mbili, mpaka vidole vikafa ganzi. Wala hakuna aliyejiuliza, hata yeye na akili zake zote, tableti itamtambuaje nyangumi aliyefunikwa gubigubi.

Siku ikawadia. Wafadhili wameketi, suti zimenyooka. Watoto wakaelekeza tableti. Wapi! Kaki tupu.

"Mnyama yuko wapi?" mgeni mmoja akauliza. Mwalimu Mkuu akachekacheka, jasho linamtiririka. Bi Kimya akatamani ardhi ipasuke immeze.

Binti mmoja wa darasa la nne akachoka kungoja. Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti: "Moyo wa nyangumi wa buluu ni mzito kuliko watu wazima wawili."

"Mwongo!" jirani yake akapayuka.

"Imeandikwa! Njoo uone mwenyewe!"

Akaja, akasoma, akabisha, akafungua kitabu kingine kutafuta ushahidi. Wenzao nao wakavamia rafu. Saa nzima wakagombania wadudu na damu, kelele kama sokoni, na Bi Kimya, machozi yakimlengalenga kwa furaha, hakumnyamazisha hata mmoja.

Baada ya wiki mbili ripoti ikaja. Mwalimu Mkuu akamsomea bila kumtazama usoni: "Vifaa havikufanya kazi. Watoto walilazimika kusoma vitabu. Chumba kitafutiwe matumizi mengine."

Akakunja karatasi. "Pole sana, dada yangu."

Bi Kimya akaweka funguo mezani. "Nina ombi moja tu, Mwalimu. Kwenye barua ya kuniachisha kazi, kosa langu liandike kama lilivyo: watoto walisoma."