Filamu Ambayo Baba Hakuituma

Nilizaliwa pacha, lakini karibu maisha yangu yote nimeishi peke yangu. Dada yangu alikufa kwa surua tukiwa na miaka minne. Sikumbuki chochote kumhusu, si sauti, si uso, hata kama tulikuwa tukigombana sijui. Nyumbani kwetu, karibu na Amukura, hapakuwa na picha yake hata moja. Palikuwa na filamu.

Baba alikuwa bwana shamba. Ofisi ilimpa kamera ya kupigia picha za slaidi, zile ambazo hazichapwi kwenye karatasi. Filamu ikishasafishwa, kila picha hukatwa na kutiwa kwenye fremu yake ndogo, kisha hupitishiwa taa na kuonekana kubwa kwenye shuka jeupe. Wakulima walikuwa wakikusanyika shuleni kutazama mdudu wa pamba aliye mkubwa kama ng'ombe. Filamu ikijaa, Baba aliipeleka ofisini Busia, na ofisi ikaituma Nairobi kusafishwa. Ilirudi baada ya wiki nyingi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiinua juani.

Wiki chache kabla ya surua kuingia kwetu, Baba alikuwa amebakiza picha tatu kwenye filamu ya pamba. Akazimalizia nyumbani. Mama alikumbuka vizuri: alitukalisha mlangoni, akampiga picha mmoja, akampiga wa pili, kisha akatupiga pamoja. Halafu ugonjwa ukaja. Baada ya mazishi, Baba hakuituma ile filamu.

"Itume nimwone mtoto wangu," Mama alimwomba.

"Nitaituma."

Mwaka ukapita, na mwingine. Mwishowe Mama alipomshikilia, Baba akasema, "Siwezi kukaa hapa akinitazama." Hawakuzungumzia jambo hilo tena. Baba alifariki nikiwa sekondari. Watu wa ofisi walikuja kuchukua kamera yao, na Mama hakuwaambia kwamba ndani ya sanduku lake, katika soksi ya marehemu, kulikuwa na filamu.

Mimi nikakua, nikapata kazi Malaba ya kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Hiyo filamu niliisahau. Mwaka jana nilimpeleka Mama kwa daktari wa macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kitambo. Daktari alipima lililobaki, akaniambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone ingechelewesha giza lakini isingelizuia. Mama alisikia kila neno. Tulipofika nyumbani alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa soksi, akanitia mkononi.

"Wewe hufanya kazi na watu wanaopeleka vitu nchi za mbali," alisema. "Peleka na hii."

Nilianza na studio moja ya Busia, ile ninayopigia picha za pasipoti. Mwenyewe ni mzee wa umri kama wangu. Alikigeuza kile kikopo cha filamu kwenye kiganja chake kama mtu aliyepewa jino la mnyama.

"Hii ni ya kitambo sana, mama. Siku hizi ni simu tu na kompyuta." Kisha akakamata ncha ya filamu iliyochungulia nje. "Wacha nivute kidogo tuone kama kuna kitu."

"Wacha!" Nilipiga kelele hadi waliokuwa wakingoja nje wakageuka. Hata mimi sikujua kwamba nilijua. Sauti ya Baba ndiyo iliyonijia, akitufukuza karibu na kamera yake: filamu ambayo haijasafishwa ikionja mwanga, imekufa. Nilimnyang'anya yule mzee, nikaomba radhi, nikatoka na filamu yangu.

Nikavuka upande wa Uganda. Mwenye studio wa kule alicheka kwa upole, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Nyabo, ile mashine ya kusafisha tuliuza kama chuma chakavu. Hata dawa zake sijui nani bado anazo."

Nilikuwa tayari kukata tamaa wakati wakala mmoja ninayefanya naye kazi aliponitajia mama mmoja wa Nairobi anayefundisha vijana kupiga picha kwa filamu. Nikampigia. Aliniuliza ilikaa wapi, miaka mingapi, kama ilipata joto. Nilipomwambia ni zaidi ya miaka arobaini ndani ya sanduku, alinielekeza jinsi ya kuifunga isione mwanga.

"Nitajaribu," alisema. "Lakini rangi hufa, dada, kama vitu vingine. Usimwahidi mzazi kitu."

Nilikuwa nimeshamwahidi.

Nilituma filamu kwa parseli ya basi, nimeifunga kwa karatasi nyeusi na mkanda hadi ikawa kama kifurushi cha dawa ya mganga. Nilingoja wiki sita. Kila jioni nilipompigia Mama, alianza kwa kuuliza, "Wameisafisha?" Kisha ndipo tukasalimiana.

Kilichorudi ni kisanduku chenye slaidi kumi na moja katika fremu nyeupe za plastiki, na barua fupi. Picha nyingine zote zilikuwa zimefutika kabisa, aliandika. Sehemu ya ndani ya filamu iliingiwa na unyevu, ikagandana, na rangi ikabanduka. Alikuwa ametia kwenye fremu kila kilichobakiza chochote.

Nilifungulia kisanduku ofisini, nikainua slaidi moja moja dirishani. Zote zilikuwa zimepauka, na rangi ya zambarau ilikuwa imetanda kila mahali. Jani la pamba lenye matundu. Mkulima na jembe. Mbili zilionyesha kitu kama mlango na vivuli ambavyo vingeweza kuwa watoto au vyungu. Lakini moja ilikuwa na mtoto. Amekaa kwenye kigoda, magoti pamoja, amemkunjia Baba uso kwa sababu ya jua. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe toka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo.

Mkono huo ninao. Uji wa moto ulinimwagikia nikiwa mdogo, na kovu halijawahi kuondoka. Nililitazama kovu, nikatazama kile kitambaa, nikalia pale ofisini huku madereva wakigonga dirisha wakitaka karatasi zao.

Jumamosi nilienda nyumbani. Njia nzima nilijipanga kusema ukweli. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani. Aliketi mlangoni, akachukua slaidi na kioo cha kukuzia, akaviweka karibu kabisa na jicho lake, akaelekea kwenye mwanga. Alikaa hivyo kwa muda mrefu hadi mkono ukachoka, nikaushikilia kwa chini.

"Ni nani huyu?" aliuliza.

"Ni yeye, Mama."

Sijui kwa nini. Ulimi ulitangulia.

Mama hakulia. Alisema tu, "Alikuwa na magoti mazuri," akaifunga ile slaidi kwenye leso yake.

Kwa wiki mbili zilizofuata, kila aliyepita aliitwa aone. Wanawake wa kanisa walikuja, wakainua kile kiplastiki juani, wakasema, "Alikuwa mtoto mzuri. Mungu ampumzishe." Kasisi alikiombea. Mama alinisimulia yote hayo kwa simu, na mimi kule Malaba nikaitikia, nikijiona kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha marehemu. Walikuwa wakiniombolezea mimi, na yeye bado hakuwa ameonwa na yeyote.

Jumamosi ya tatu nilishindwa. Nilimkuta akichambua maharagwe kwa vidole, maana jicho lilikuwa limezidi kudhoofika.

"Mama, yule kwenye picha ni mimi."

Vidole havikusimama. "Najua. Kile kitambaa nilikifunga mwenyewe. Nilikichana kwenye petikoti yangu."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema ni yeye. Nilitaka nikuamini kidogo."

Aliweka ungo chini. Kisha akaniambia jambo ambalo sidhani aliwahi kumwambia mtu. Alisema uso wa dada yangu aliupoteza zamani sana, nikiwa bado shule ya msingi. Hakuogopa ulipoanza kupotea, kwa sababu alijua uko sandukuni. "Nilisema filamu inanikumbukia. Nikaacha kumshika. Sasa hayuko kule, na kwangu pia hayuko."

Nilimwuliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza: amezikwa wapi?

Nilikuwa sijui kwa sababu bibi yangu, mamake Baba, alikataza. Alisema pacha aliyebaki akionyeshwa kaburi, au akilia, ataitwa amfuate mwenzake. Kwa hiyo siku ya mazishi nilipelekwa kwa shangazi, na niliporudi hakuna aliyesema kitu. Bibi alikufa, Baba akafa, na katazo likabaki linatutawala.

Mama alisimama. Akanishika bega, tukazunguka nyuma ya jiko, tukapita zizi la mbuzi, hadi kwenye mihogo. Alihesabu hatua kwa sauti ya chini, akatafuta kwa mguu kitu ambacho sikukiona, akasimama kati ya mashina mawili.

"Hapa," alisema. "Kulikuwa na mawe, wakayaondoa wakati wa kulima. Baba yako alilia sana siku ya mazishi, mimi ndiye nilimshika."

Nikapiga magoti nikagusa udongo. Nina umri wa kuwa na wajukuu. Nililia kwa sauti, sikujali majirani, na Mama alisimama juu yangu akiniambia, "Lia. Lia sasa, hakuna wa kukuita."

Tulikaa hadi yeye akachoka kusimama. Nilimpa mkono, tukarudi polepole, yeye akiniongoza kati ya mihogo, maana njia alikuwa ameijua siku zote.