Aliyaona maumivu ya bintiye kwenye soli, akanyamaza

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi ameshakaa. Kigoda chake ni kifupi hata magoti yanakaribia kidevu, na mbele yake kuna chuma cha kugongea viatu, nyundo, kopo la gundi na rundo la viatu vya watu wenye haraka. Kibanda kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Kila anayepanda kwenda ofisini anapita juu ya kichwa chake, na yeye hainui macho. Anasikiliza tu.

"Huyo ni karani wa ghorofa ya pili," anasema, msumari ukiwa umebanwa midomoni. "Kisigino cha kulia kimeanza kulegea. Keshokutwa utamwona hapa."

Mtaa mzima wanamwita Soli. Ana miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo imeishia hapo hapo chini ya ngazi. Siku nzuri hutengeneza jozi nane au tisa. Siku mbaya ni mbili, na moja kati ya hizo ni ya jirani ambaye ikifika saa ya kulipa hukumbuka kwamba wao ni ndugu.

Ukimpa kiatu, hakitazami juu. Anakigeuza, anakisogeza kwenye mwanga, anapitisha kidole gumba kwenye soli taratibu. Kisha anakwambia unavyotembea, bega gani unabebea mkoba, na kama umenenepa tangu mwaka jana. Wateja wengine hucheka. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alikasirika akasema hatarudi tena, na wiki iliyofuata alirudi.

Leo, pembeni ya kigoda chake, kuna mfuko mkubwa ambao hakuna mteja mwingine anayeruhusiwa kuugusa. Ndani yake mna viatu vya kuchezea dansi, vya ngozi laini, soli nyembamba kama ganda la kitunguu. Ni vya watoto wanaofundishwa kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao, mtaa wa pili kutoka hapo. Kila mwisho wa mwezi mwalimu wao huuleta mfuko huo mwenyewe.

Soli anavihesabu kwa sauti. Jozi ishirini na moja. Mpaka miezi saba iliyopita zilikuwa ishirini na mbili.

Jozi isiyokuwapo ni ya binti yake wa pekee.

Binti huyo ana miaka kumi na miwili, na darasani kwao wanamwita Unyoya, jina alilopewa na mwalimu siku ya kwanza alipomwona akiruka. Alikuwa na miaka sita wakati huo. Alikuwa akimngojea baba yake kibandani baada ya shule, mwalimu akaja na viatu vilivyofumuka, na mtoto akamuuliza viatu gani hivyo visivyo na kisigino. Mwalimu akamwonyesha hatua mbili hapo hapo barabarani, watu wanapita. Mtoto akazirudia. Mwalimu akamwambia arudie tena.

"Aliniuliza, fundi, huyu wako? Nikasema wangu," Soli anakumbuka. "Akasema, nipe. Nikamwambia mimi sina ada ya mambo hayo. Akasema, wewe una mikono, sisi tuna viatu."

Wakapatana hivyo. Soli angetengeneza viatu vya darasa zima, na Unyoya angefundishwa. Miaka sita mkataba huo ulikwenda bila karatasi wala ugomvi.

Ndivyo alivyokuja kuijua miguu ya watoto wale wote, ambao wengi wao hajawahi kuwaona nyuso. Huyu anakanyagia ndani. Yule anaburuta kidole. Yule mwingine mvivu wa kushuka, anajitupa tu chini kama gunia. Na mwanawe, anasema, alikuwa akikanyaga sawa pande zote mbili. Soli zake za kushoto na kulia zilichakaa kama pacha.

"Nilikuwa najivuna," anasema. "Nilikuwa naziweka za kwake mwisho, nizitazame nikiwa sina haraka."

Mwaka jana, wiki tisa kabla ya onyesho kubwa la darasa, Unyoya alipewa nafasi ya mbele. Nyumbani palikuwa na sherehe ndogo ya watu watatu. Mama yake, ambaye ni mpishi wa shule ya chekechea, alimshonea vazi kwa mkono, akalifumua mara mbili kwa sababu mshono haukumridhisha. Katikati ya furaha hiyo mtoto alitaja, kwa kupitia tu, kwamba goti la kushoto linabana. Mama akamchua kwa dawa. Asubuhi mtoto akasema limepona.

Mwisho wa mwezi huo mfuko ukaja. Soli akafika kwenye jozi ya mwisho, akaigeuza.

Soli ya kulia ilikuwa imekwisha. Ya kushoto ilikuwa bado mpya katikati, na imelika ukingoni tu, upande wa nje. Fundi yeyote mwenye macho angesema kinachoonekana hapo: mwenye kiatu hiki anaukimbia mguu wake. Anauweka chini kwa woga, umegeukia nje, uzito wote anautupa upande wa pili.

Soli alikishika kiatu kile kwa muda mrefu. Kisha akakata kipande chembamba cha ngozi, akakibandika ndani, upande wa nje, ili mguu ukae sawa. Akakisugua ukingo mpaka kisiguse kidole. Akarudisha kiatu kwenye mfuko. Hakumwambia mtoto, hakumwambia mama yake, hakumwambia mwalimu.

Mwezi uliofuata soli ya kushoto ilikuwa imelika zaidi ukingoni. Akaongeza kipande cha pili.

Kwa nini hakuuliza? Mwandishi wa habari hizi alimtupia swali hilo siku ya pili ya mazungumzo, na fundi akaacha kugonga. Aliilaza nyundo mapajani, akampa mteja mmoja aliyekuja kiatu chake.

"Niliogopa jibu," alisema. "Ningemuuliza angesema inauma. Akisema inauma, namwambia mwalimu. Nikimwambia mwalimu, nafasi ya mbele inakwenda kwa mwingine. Nikajiambia, zimebaki wiki chache, ataicheza, kisha nitauliza."

Hakuicheza. Siku kumi na moja kabla ya onyesho, Unyoya alianguka kwenye ngazi za shule akiwa amebeba madaftari ya darasa. Ngazi tatu tu. Walimu wanasema hakupiga hata kelele. Alikaa pale chini akitabasamu, akiwaambia wenzake watangulie, anakuja.

Hospitalini eksirei ilionyesha kwamba tatizo halikuwa goti hata kidogo. Lilikuwa kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake, kidogo kidogo, kwa miezi, na kule kuanguka kukamalizia. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba hali hiyo huwapata watoto wa umri ule, na maumivu hujitokeza gotini na kuwadanganya wengi. Ikijulikana mapema, alisema, skrubu moja ya kuukaza mfupa hutosha na mtoto hurudi kwenye maisha yake. Ya Unyoya ilikuwa imechelewa, na damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye mfupa.

Kisha daktari akauliza: alianza lini kuchechemea?

"Nikasema, wiki hii," Soli anasema. Anatazama pembeni. "Nilikuwa nimesimama pale, mke wangu kanishika mkono, nikamdanganya daktari."

Upasuaji ulichukua saa tatu. Yakafuata magongo, miezi minne. Sasa Unyoya anatembea bila magongo, lakini mguu wa kushoto ni mfupi kwa sentimita mbili na nusu, na kuruka amekatazwa. Huenda akahitaji upasuaji wa pili atakapomaliza kukua. Viatu vyake vya shule, vyenye soli nene upande mmoja, baba yake ndiye anayemtengenezea. Jozi ya kwanza alimfanyia nzito mno. Ya pili ilimsukuma mbele. Ya nne ndiyo anayovaa.

Hajalia, mama yake anasema, na hilo ndilo linalomnyima raha. "Ukimuuliza unaumia, anasema hapana mama. Ukimuuliza una huzuni, anasema hapana mama. Mwalimu alimwita aje akae amsaidie kuwahesabia wadogo mapigo. Akaenda. Akatabasamu saa nzima. Aliporudi akalala kageukia ukutani na viatu miguuni. Hajaenda tena, na mimi simlazimishi."

Soli naye amebadilika kazini. Siku hizi akiona soli isiyompendeza kwenye mfuko wa darasa, huandika kikaratasi na kukitia ndani ya kiatu: mtazameni mguu wa kulia. Mzazi mmoja alikuja juu hasa. "Wewe ni fundi viatu au daktari?" alimfokea mbele ya wateja. Mtoto alipelekwa hospitali, akaonekana hana lolote. Alikuwa akichezea mpira viatu vile kwa siri. Soli aliposikia alicheka, na akaendelea na vikaratasi vyake.

Lakini habari ya kile kipande cha ngozi alikuwa hajamwambia mtu. Aliisema kwa mara ya kwanza siku ile nyundo ilipokuwa mapajani, na alipomaliza aliomba isiandikwe. Siku ya tatu akapiga simu mwenyewe.

"Iandike," alisema. "Ila nipe mpaka Jumatatu. Nataka nimwambie mimi. Asije akaambiwa na gazeti."

Jumatatu hiyo kibanda kilifunguliwa saa nne. Soli alikuwa na macho mekundu, na chai iliyokuwa pembeni yake ilikuwa imeshapoa bila kuguswa. Akaeleza.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula. Mama alikuwa akikusanya sahani, na Unyoya ameketi kitandani akikunja sare zake za shule. Soli alikuwa amejiandaa wiki nzima, maneno kayapanga vizuri, na alipofungua mdomo yote yakamkimbia.

"Mwanangu," alisema, "niliona kwenye kiatu chako kwamba unaumia. Niliona mapema, kabla hujaanguka. Nikanyamaza."

Sahani zikaacha kugongana. Unyoya akamaliza kuikunja sketi aliyokuwa nayo, akailaza juu ya nyingine.

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Kile kingozi. Nilikikanyaga siku ile ile nilipovaa."

Soli akamuuliza kwa nini basi hakusema kitu. Mtoto akamtazama kama anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikuwa naogopa ukijua utaniambia niache. Halafu nikaona umeshajua, na hujaniambia niache. Nikafurahi. Nikasema, baba ndiye anayejua miguu ya watu. Kama ingekuwa mbaya angesema."

Hapo kibandani, fundi aliweka nyundo chini. Alifuta uso kwa kitambaa cha kusugulia viatu, kikamwachia alama nyeusi shavuni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Mke wake hajamsemesha tangu saa hiyo, isipokuwa kumwambia chai ipo. Hamlaumu kwa kelele. Asubuhi hii alimfungia chakula chake kama kawaida, akakiweka mezani, akatoka kabla yake. Soli anasema ana haki, na kwamba anaweza kungoja. Kuna jambo jingine pia analopaswa kulifanya, na ameshamwarifu mwenye jengo kwamba Alhamisi hatafungua kibanda: atarudi kwa daktari amwambie ukweli kuhusu lile swali. Haitabadilisha mfupa, anajua. Anataka tu iandikwe kwenye faili la mtoto jinsi ilivyokuwa.

Na Unyoya? Baada ya maneno yale alimwambia baba yake asilie, akamletea maji ya kunywa, akarudi kukunja nguo. Kuhusu gazeti alisema liandike tu, ila jina lake la shule lisiwekwe. Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo.

Mwandishi alipomuuliza fundi anatumaini nini sasa, alidhani atataja upasuaji wa pili, au shule, au kibanda kikubwa zaidi. Soli alichukua kiatu cha karani wa ghorofa ya pili, ambaye kweli alikileta, akakigeuza, kisha akakiweka chini bila kukitazama.

"Natamani anifokee," alisema. "Mtoto wa umri ule akiumizwa na mzazi wake hufoka, hubamiza mlango, husema sikupendi. Wangu kwenye dansi alifundishwa kutabasamu hata vidole vinapotoka damu, na mimi nikamsaidia. Siku atakayonifokea sitamjibu. Nitakaa pale pale nimsikilize, mpaka amalize yote."