Bando Lililokwisha Kabla ya Saa Sita

Esperance amepanga chumba cha pili kutoka changu hapa Kasulu, kwenye safu ya vyumba vilivyopakana ukuta na kituo cha kompyuta. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani, wakapata uraia, wakalima Titye, na yeye akazaliwa hukohuko. Ni mtu wa kucheka. Anacheka kwanza, ndipo anakwambia kilichomchekesha, na kabla hujaelewa keshaanza upya.

Alikuwa muuza maharage sokoni. Mwaka jana kituo kilipotangaza masomo ya usalama wa mtandao, nafasi nane tu, akajiandikisha. Bazilio, fundi cherehani wa chumba cha mwisho, alimcheka mpaka akaangusha pini.

"Utaulinda mtandao na nini, Esperance? Na ungo?"

"Na ungo, shemeji. Wewe ukipita nakupepeta."

Mimi niliishia darasa la saba, ila masomo yale nimeyasikia yote. Kila jioni Esperance alikuja kibarazani kwangu na maharage yake ya kuchambua, mimi nikimnyonyesha mwanangu Reine, naye akirudia aliyofundishwa. Ukituma ujumbe, aliniambia, haupiti mzima. Unakatwa vipandepande, wao wanaviita pakiti. Kila pakiti ni kama barua ndani ya bahasha. Kilichomo ndani mara nyingi kimefungwa, husomi. Lakini bahasha unaiona: imetoka simu gani, inakwenda wapi, saa ngapi, ina uzito gani.

"Sasa bahasha tupu inakusaidia nini?" nikamwuliza.

"Mama Reine, ukiona mume wa mtu anapokea bahasha kila siku saa nane kutoka kwa mtu mmoja, utahitaji kufungua?"

Tukacheka mpaka Reine akaacha ziwa kutuangalia.

Basi, mwezi wa tatu bando la kituo likaanza kuisha. Linawekwa asubuhi la kutosha siku nzima, na kabla ya saa sita halipo. Wanafunzi wanabaki kukodolea macho kiduara kinachozunguka. Mwalimu Marselino, mtu wa Buhigwe, mpole lakini akikunja uso hata kuku wanahama, aliwaambia darasa zima: "Hili ndilo zoezi lenu la mwisho kabla ya mtihani. Mtafuteni anayekula bando. Ripoti iwe mezani kwangu Ijumaa. Na nikigundua ni mmoja wenu ametoa paswedi nje, huyo hana nafasi hapa tena."

Dieudonné, anayekaa dawati moja na Esperance, alikuwa na jibu tayari. "Ni wadukuzi. Warusi."

"Warusi wanataka nini Kasulu?"

"Ndiyo tunachopaswa kujiuliza," akasema, akaandika Warusi kwenye daftari na kupiga mstari chini yake.

Esperance hakuandika kitu. Aliiwasha ile programu ya kunasa pakiti siku mbili, asubuhi hadi mchana. Faili lilipokamilika akafanya kama walivyofundishwa: akalitolea nakala, akalipigia alama yake, ule mstari mrefu wa herufi na namba ambao faili likiguswa hata kidogo unabadilika wote, akainakili alama hiyo daftarini. Kisha akakaa na nakala akiipitia kama anavyopitia debe la maharage, mbovu huku, nzuri huku.

Alhamisi alikuja kwangu bila maharage. Na hakuwa anacheka.

"Mama Reine, simu yako inaitwaje?"

"Inaitwaje vipi? Simu."

"Ina jina. Lete."

Nikampa. Akabonyeza mahali, akanionyesha. Kweli imeandikwa Mama Reine. Ni baba yake Reine alifanya hivyo alipoinunua, kabla hajaenda Mabamba kwenye biashara yake.

"Kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, nimekuta vifaa ishirini na sita," Esperance akasema. "Kompyuta za darasa ni nane. Vilivyobaki ni Nadine wa Yesu, Bazilio Fundi Bora, Dorcas Mrembo... safu yote hii. Kuanzia saa tatu bahasha zinatoka tovuti za kwaya, kwaya, kwaya, video juu ya video. Mwingine zinamtokea tovuti ya ufugaji wa kuku. Warusi hata mmoja."

Nikahisi masikio yanapata moto. Lazima niseme ilivyokuwa. Huku kwetu jirani akija na kigae kuomba kaa la moto, humwulizi anapikia nini, wala humwambii moto ni wangu. Unampa. Naye akiombwa anampa mwingine. Nadine alipoona nimempigia baba Reine kwa picha, akaniomba paswedi, nikampa vilevile, bila kuwaza. Nadine ni Mkongo aliyeolewa hapa, mama yake yuko mbali.

Tukamwita Nadine. Akaja na mwiko mkononi.

"Miye niliombaka tu juu ya kuongea na mama," akasema. "Kisha Dorcas akaniomba. Ningemunyima namna gani? Weye ungemunyima?"

"Nisingemnyima," Esperance akakubali.

Nadine aliporudi kwenye sufuria yake, Esperance akanifunulia daftari. Ruta inaweka tarehe ya kila kifaa kilipoingia mara ya kwanza. Cha kwanza kabisa kutoka nje ya darasa ni Mama Reine, Jumanne ya tarehe nne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Tuliikumbuka sote. Reine alikuwa anachemka kwa homa, sina bando, sina salio, nalia mlangoni. Esperance alitoka darasani mbio, akaniandikia paswedi kiganjani kwa kalamu, akarudi. Baba Reine akapatikana, akamtuma mtu wa pikipiki atupeleke hospitali.

"Kwa hiyo aliyetoa paswedi ni mimi," akasema.

"Andika niliiba."

"Mwalimu atauliza uliibaje. Nitakuwa nimekufanya mwizi na mtoto mgongoni."

"Basi mstari huo usiuweke. Anza na Nadine. Nani atajua?"

Hilo likamfanya afunge daftari. Mwalimu Marselino asingejua. Alikuwa ameomba ripoti tu, na katika darasa zima ni Esperance peke yake aliyefika kwenye tarehe zile. Kituo kile alikisubiri miaka. Akifukuzwa, ni kurudi sokoni, na Bazilio atakuwa na la kusema mpaka uzee.

"Yebaba wee," akasema, akaondoka.

Ijumaa nilimfuata. Nilimfunga Reine mgongoni nikasimama mlangoni pa darasa, nikisema moyoni kwamba wakimfukuza nitaongea, ingawa sikujua nitaongea nini. Dieudonné alisoma ya kwake: kurasa mbili za Warusi. Kisha Esperance. Alisoma alama ya faili, idadi ya vifaa, saa bando linapoliwa zaidi. Majina ya simu za majirani hakuyasoma, aliziita kifaa cha kwanza, cha pili. Halafu akasoma Jumanne ya tarehe nne, na mwisho akasema, "Paswedi ilitolewa na mwanafunzi Esperance."

Reine akapiga chafya.

"Uliitolea nini?" Mwalimu Marselino akauliza.

"Mtoto alikuwa anaumwa."

"Huyo?"

"Huyo."

Mwalimu akamtazama Reine, akamtazama Esperance, akafungua ukurasa wa tarehe akausoma tena kwa kidole. "Mstari huu ungeuacha, ningejuaje?"

"Usingejua, mwalimu."

"Nilisema aliyetoa hana nafasi hapa."

"Ulisema."

Akakuna shingo. "Nikikufukuza nabaki na Warusi," akasema. Darasa likaangua kicheko, Dieudonné naye. Mwalimu hakucheka. "Funguo za darasa unazofungulia asubuhi nipe. Badilisha paswedi sasa hivi. Ukimaliza, wiki tatu hugusi kompyuta, utasoma kwa daftari. Mtihani utafanya."

Wiki hizo tatu hazikuwa nyepesi. Safu yetu, iliyokatiwa mtandao, ilinuna. Huku salamu ni ndefu, mnapigiana makofi taratibu, mnaulizana ya watoto, ya shamba, ya mifugo. Sasa nikipita mimi na Esperance tunapewa "Mwakeye" moja kavu, basi. Dorcas hata makofi hakupiga. Siku moja nilimwuliza Esperance, kwa uchokozi, Bazilio alikuwa anaangalia nini kwenye simu yake. "Hiyo ni bahasha ya mtu," akasema, akaendelea kuchambua. Nadhani Bazilio alisikia kupitia dirishani, maana kesho yake ndiye wa kwanza kuturudishia salamu nzima.

Mtihani alifaulu, akakabidhiwa paswedi aitunze, na sheria ikawa anayeitaka aandike ombi. Jumatatu iliyofuata nilikuwa pale mlangoni nimempelekea chai, nikamkuta Mwalimu Marselino amesimama mbele ya dawati la Esperance na simu mpya, inang'aa bado.

"Esperance, paswedi yetu siku hizi ni ipi?"

"Simu ni ya kazi au ya kwako, mwalimu?"

"Ya kwangu."

"Basi andika ombi."

Dieudonné akajifunika mdomo. Mwalimu akakunja uso ule wa kuhamisha kuku. Esperance akamsogezea karatasi na kalamu, akasubiri. Mwalimu akainama, akaandika, akampa.

Esperance akalisoma mpaka mwisho, akamrudishia.

"Hujaweka tarehe," akasema.