Swali la Pili

Mwaka wa 2009, ukame ulimaliza ng'ombe wote arobaini wa baba yangu, mzee Metito, hapa Kitengela. Mwezi huohuo watafiti wakaleta roboti inayoongea, wapime kama siku za usoni itaweza kuwajulia wazee hali.

"Ng'ombe hawajambo?" ikamuuliza.

"Hawajambo," baba akajibu.

Kwetu Wamaasai jibu la kwanza ni heshima tu; msiba unausema ukiulizwa tena. Roboti ikashukuru, ikapelekwa kwa jirani. Wasomi wazima wakaandika kwamba mzee yuko sawa, na ngozi zimerundikana pale mlangoni zikinuka!

Niliwafukuza kwa fimbo yake ya kuchungia. Nilipogeuka, baba alikuwa bado amekaa wima, akingoja kuulizwa mara ya pili.