Jinsi Baba Alivyoegesha Pikipiki

Mdogo wangu ana nyumba nzuri Makambako, na mkewe hana alama hata moja ya kipigo mwilini. Alitaka nilijue hilo, na ni kweli.

Jumapili moja, baada ya kuuza viazi vyangu, nilifikia kwake. Mchana nilikuwa jikoni na wifi yangu tukimcheka mama mmoja aliyekoroma kanisani. Pikipiki ikanguruma nje. Wifi akakatisha kicheko, akazima redio. Binti yao wa darasa la kwanza akaenda dirishani bila kutumwa.

"Ameiegeshaje?" mama yake akanong'ona.

"Vizuri. Anafunga mnyororo."

Wifi akashusha pumzi, akawasha redio tena.

Mdogo wangu akaingia na bashasha zake. "Dada! Baridi ya Njombe umeiacha huko, au umetubebea kwenye magunia?" Tukacheka wote. Alipokwenda kuoga nikamuuliza wifi, "Na asipofunga mnyororo?"

"Basi hatuongei mpaka alale. Chakula anaweza kukimwaga. Simu yangu anakaa nayo yeye. Siku moja alitufungia nje na mvua inanyesha. Lakini hapigi, wifi. Usije ukafikiri anapiga."

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, tukahamia kwa baba mdogo. Jioni tulisikiliza anavyovua mabuti. Akiyaweka chini taratibu, tulikula. Akiyarusha, niliwatoa wadogo zangu kwa mlango wa nyuma, huyu wa mwisho nikiwa nimembeba mgongoni. Baba mdogo naye hakutupiga mara nyingi. Hakuhitaji.

Tulipomaliza kula nilimwambia mdogo wangu nilichokiona.

"Nimewahi kumgusa? Muulize hapa mbele yangu."

"Mbele yako atajibu nini?"

"Aa, dada! Siku hizi na wewe unahudhuria semina za haki za wanawake?"

"Mwanao anachungulia dirishani ajue umerudije. Wewe ulikuwa unasikiliza mabuti."

Uso ukambadilika. "Usinifananishe na yule mzee." Akasimama, akachukua simu ya mkewe mezani, akaitia mfukoni. Nadhani mkono ulifanya wenyewe. Mimi nilimwona, na mtoto alimwona.

Nikamgeukia wifi. "Kesho narudi Njombe. Kwangu kuna kitanda."

Alimtazama mumewe kwanza. Kisha akasema polepole, "Mtoto atahitaji sweta."

Sikulala vizuri. Yule niliyekuwa nikimkimbiza nje usiku kwa baba mdogo ndiye niliyekuwa nikimkimbia sasa, na bado alikuwa mdogo wangu, niliyemlipia ada ya shule kwa kulima mashamba ya watu.

Asubuhi alitufuata stendi. Hakupiga kelele, kulikuwa na watu. Alinisogelea sikioni. "Umenilea mimi, dada. Yeye hukumlea."

"Ukitaka kuwaona, njoo kwangu. Tutakaa watatu tuongee, na mimi sitatoka niwaache peke yenu."

Nikapanda basi nyuma ya wifi na mtoto. Tulipopita mashamba ya miti nilijifunika kitenge usoni, mtoto asinione nikilia.

Mpaka leo hajaja, na nikimpigia hapokei. Wifi yangu ananisaidia shambani, anafanya kazi kunishinda. Ila akitaka kwenda dukani husimama mlangoni, mikono nyuma, akisubiri niseme ndiyo. Namwambia aende tu, hahitaji ruhusa yangu. Anaitikia, na bado anasubiri.